Disketi Ndani ya Kibuyu cha Mbegu

Kila Jumamosi, Kathonzweni, wanawake walichimba matuta kwa mwethya: wiki hii shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Asiyefika huonekana hata kama hakuna anayemtaja. Na katika mwaka huo wa 1996, aliyekuwa haonekani ni Nthenya.

Nthenya alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya kilimo ya mji wa Wote. Kila Ijumaa akitoka kazini mapema kwa ruhusa alipanda basi la Nairobi, akasomee shahada ya uzamili ya kompyuta, na kurudi Jumapili miguu imevimba. Mumewe, Muthama, alifanya kazi Mombasa, kwa hiyo maswali ya watu yalimwangukia mama mkwe wake, Syokau. Mama huyo alijibu kwamba mkaza mwana wake anafundisha mashine kukisia ndengu zitakazovunwa, kwa kuangalia mvua iliyonyesha. Walipocheka aliwaambia wangoje.

Haikuwa mbali na ukweli. Programu ya Nthenya ilikuwa imekaribia kukamilika, na mwezi wa Novemba angeionyesha mbele ya walimu wake. Akikosa siku hiyo, angengoja mwaka mzima, na ofisi ilikuwa imemwambia wazi kwamba ruhusa yake ya Ijumaa inaisha Desemba.

Mwezi wa Oktoba kompyuta ya ofisi iliharibika. Fundi aliirudisha ikiwa nzima lakini tupu, kila kitu kimefutwa. Nthenya hakushtuka sana, maana kazi yake yote ilikuwa kwenye disketi mbili. Siku zile pepo za vumbi zilikuwa zinaingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa, naye alikuwa anaondoka kwenda semina Kitui kabla hajazinakili kwenye kompyuta, akampa mama mkwe wake disketi hizo.

"Mwaitu, hii ndiyo kazi yangu yote," alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Zisipate vumbi, na wadudu wasizikaribie."

Syokau aliyachukua maneno hayo kwa uzito. Alijua mahali pamoja tu nyumbani ambapo mdudu hakuwahi kushinda: kibuyu cha mbegu, kilichoning'inia juu ya mafiga, moshi ukikipitia mchana kutwa. Alizifukia disketi katikati ya ndengu za kupanda, akazimwagia jivu laini kama afanyavyo kwa mbegu, akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi.

Nthenya aliporudi, alipewa kibuyu kwa mikono miwili. Alizitoa disketi. Plastiki ilikuwa imepinda kwa joto, na jivu limejaa hadi ndani. Alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, akauma ukosi wa blauzi yake. Alitaka kupiga kelele, lakini kila alipofungua kinywa alisikia sauti yake mwenyewe ikitaja wadudu.

Syokau alimfuata polepole. Goti lake lilikuwa bovu tangu zamani.

"Mbegu zangu hazijawahi kuharibika humo," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua, mwaitu."

"Inaweza kuandikwa tena?"

Nthenya alifikiri. Alikuwa na karatasi chache alizochapisha mwezi wa Machi. Mengine yalikuwa kichwani. Alisema inawezekana, kama atapata muda wa kukaa ofisini kila jioni, na kama zamu ya mwethya kwao, iliyokuwa inakaribia, haitamdai. Mwenye shamba hawezi kukosa siku ya shamba lake.

"Nitachimba mimi," Syokau alisema, na hakungoja jibu.

Akachimba kweli, siku ya kwao na Jumamosi zilizofuata kwa wenzake, goti limefungwa kitambaa. Jirani yao Ndinda hakuweza kujizuia. "Syokau, mkaza mwana anacheza na mashine, nawe umekuwa trekta?" Syokau alimwambia trekta halina mdomo, achimbe. Wanawake walicheka mpaka wakaegemea majembe, na Ndinda akachimba.

Nthenya naye aliandika upya. Sehemu nyingine zilikataa kurudi kama zilivyokuwa, akalazimika kuzifikiria toka mwanzo, na baadhi zikawa fupi na safi kuliko za kwanza, ingawa hakumwambia mama mkwe hilo mpaka baadaye sana. Alipomaliza alitoa nakala mbili. Moja aliiacha kwenye droo ya ofisi. Ya pili alimpelekea Syokau.

Mama yule aliitazama bila kuigusa. "Mimi tena?"

"Wewe. Ila mbali na moto."

Ikawekwa sandukuni, ndani ya leso ya kwenda kanisani, pamoja na kitabu cha nyimbo.

Alfajiri ya safari, Nthenya alikuwa tayari na ile ya droo mkobani. Hata hivyo alikwenda kuomba ile ya sandukuni, na mbele ya walimu ndiyo aliyoiingiza kwenye kompyuta, bado ikinukia dawa ya nondo. Mashine iliguna, ikaisoma.

Jumapili alimkuta Syokau uani akipeta ndengu.

"Ilikubali?"

"Ilikubali, mwaitu. Na mimi nimepita."

Syokau aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga, kila kidole. Kisha akaunyoosha mkono wake, airudishe disketi sandukuni.