Mzee Sifuri Apanda Ngazi

Miaka tisa mshauri wa wanafunzi aliwaomba wahadhiri jambo moja tu: wamwambie mapema mwanafunzi anapoanza kuyumba. Wote walimpa kisogo. Leo mlango wa ofisi yake ulifunguka kwa kishindo, akaingia mhadhiri wa hesabu, yule ambaye wanafunzi humwita Mzee Sifuri, akihema kwa kupanda ngazi, daftari la mahudhurio kwapani.

“Dada, binti huyu,” akagusa jina daftarini, “alikuwa anakaa mbele. Wiki hii amehamia mlangoni, hata begi hafungui. Nifanye nini?”

Mshauri aliruka kitini. “Sema ‘tufanye nini,’ Mzee! Twende bwenini sasa hivi!”

Walipofika uwanjani, Mzee akashtuka. “Dada, uko pekupeku!”

Viatu vilibaki chini ya meza. Mshauri akacheka, akakaza mwendo. “Viatu ninavyo siku zote. Wewe nimekupata leo!”