Siku Nilipowaandika Wakwe Zangu Pembeni mwa Riwaya

Aibu ilikuwa yangu, sikatai, chekeni mpaka mchoke, lakini hasira nayo ni yangu na mpaka leo haijanitoka, kwa sababu kuna mtu alifungua mfuko ambao hakuna aliyemwambia aufungue.

Mimi ni fundi umeme hapa Kolwezi, na ugonjwa wangu ni riwaya za wanadamu wanaosafiri hadi nyota nyingine na kukutana na viumbe wenye desturi zao (nazinunua sokoni zikiwa zimeshasomwa, za Kifaransa, nyingine hazina hata jalada). Basi wiki ile tunajiandaa kwenda Mutshatsha kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Beatrisi, nilikuwa nasoma moja ambamo mjumbe wa wanadamu anajifunza kuishi na wenyeji wa huko, na kwa kuwa niliogopa wakwe kuliko umeme, nikachukua kalamu ya risasi nikaanza kuandika pembeni. Penye "kiongozi wao hunyamaza ili apime woga wa mgeni" nikaandika Tata Mukwe, yaani baba mkwe. Penye "kiumbe mkubwa aliketi mbele, shingo mikunjo mitatu, akipumua kama mashine" nikaandika jina la shangazi yake Beatrisi, Mama Justina, na alama ya mshangao (nilikuwa nimemwona kwenye picha tu!).

Kitabu nikakitia ndani ya mfuko wa vitenge vya zawadi ili nisome njiani. Kosa langu ni hilo tu.

Tulipofika, baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa msemaji wangu, hajamaliza hata salamu, Mama Justina akauvuta mfuko akaufungua, mfuko ambao hatujautoa bado! Kitabu kikaanguka. Na yeye, ambaye hakuna aliyenitahadharisha kwamba alifundisha Kifaransa miaka na miaka, akavaa miwani akaanza kuwatafsiria watu wote, na alipofika penye jina lake akasoma mara mbili.

"Huyu kiumbe njo mi?" akaniuliza, akijigusa kifua.

"Hapana, mama, ni bitu ya kubuni tu, ni batu ya nyota ingine."

"Ah! Kumbe sisi ni batu ya nyota ingine!"

Nyumba ikalipuka kwa makelele. Nikamgeukia baba mdogo anitetee, na yeye, msemaji wangu, aliyevaa koti langu mwenyewe, akaniuliza, "Na mi uliniandika ukurasa gani?"

Baba yake Beatrisi peke yake ndiye aliyekuwa kimya. Alingoja watulie, akasema polepole, "Mutoto, kwa mwisho, bale bageni banafanya nini na benye inchi?"

Ningeweza kudanganya. Sikuweza.

"Wanawahamisha, tata. Chini kuna madini."

Hapo hata Mama Justina akafunga kitabu. Familia ile asili yake si Mutshatsha. Nyumba yao ilikuwa huku Kolwezi, na pale ilipokuwa leo ni shimo la mgodi. Nilikuwa nalijua jambo hilo, Beatrisi aliniambia, na bado nilisoma kitabu kizima nikijiona mimi ndiye mjumbe.

"Ile hadithi naijua," mzee akasema. "Murudi kwenu. Tutabaita."

Tukatoka bila hata kunywa maji, na majirani wamejaa uani wakininyooshea kidole.

Walituita baada ya miezi miwili. Nilimpelekea Mama Justina mbuzi wa kuomba msamaha, akampokea, lakini riwaya yangu amekataa kuirudisha (eti hajaimaliza, na mimi ndiye niliyeinunua!). Tulioana. Kufungua mfuko wa mgeni, hata hivyo, hilo silisamehe.

Ila siku ile ya kwanza Beatrisi alitusindikiza njiani, akalia kimya kimya, kisha akasema neno moja tu: "Nimeishi na bale batu toka kuzaliwa. Ungeniuliza mi."

Tangu hapo nimeapa: nikitaka kujua watu, nitauliza watu.