Msusi Mwenye Diski za Rangi ya Kucha

Saa mbili asubuhi. Mikono ya Mama Diski imo kwenye nywele za muuza mboga, lakini macho yake yako kwenye runinga. Mstari wa kijani unatambaa polepole kwenye kioo: gemu ya mpira inahama kutoka kwenye diski ya nje na kuingia ndani ya mashine. Diski yenyewe ni nyeusi, bapa, haifiki hata ukubwa wa kitana. Imelazwa juu ya taulo, taa yake inapepesa.

"Usiisogeze hiyo meza, mama," anamwambia mteja wake aliyenyoosha mguu. "Taa ikipepesa, hata mbu asitue."

Muuza mboga anaurudisha mguu wake. "Mimi nimekuja kusukwa, napewa masharti kama nimelazwa wodini," analalamika, na wote wawili wanaangua kicheko.

Chumba ni kimoja, kazi ni mbili. Upande wa dirishani kuna viti viwili vya kusukia, kioo kikubwa na ndoo ya maji. Upande wa ndani kuna runinga nne, mashine nne za gemu na mabenchi yaliyotandikwa mkeka wa plastiki. Katikati linaning'inia pazia ambalo halifungwi kamwe, maana mwenye chumba anataka kuona kote kote.

Alianza na nywele tu. Watoto wa wateja ndio waliomletea gemu: walikuwa wakilia, wakimwaga mafuta, wakivuta rasta kwenye pakiti. Akanunua mashine moja iliyotumika ili awatulize. Watoto wakatulia kweli. Kisha wakaja kaka zao, kisha wakaja baba zao, eti wamekuja kumchukua mtoto.

"Baba anakuja kumchukua mtoto, halafu mtoto ndiye anayemsubiri baba mpaka anasinzia," anasema, na hafichi kwamba jambo hilo linampendeza.

Tatizo likawa nafasi. Gemu za siku hizi zina tumbo kubwa. Chache tu, na mashine imejaa mpaka shingoni. Mteja akitaka ya magari, ilibidi Mama Diski aifute ya mpira, kisha aipakue ya magari kwa mtandao wa mwendo wa kobe, kutwa kucha. Kesho yake anaingia mwingine, naye anataka mpira.

"Nilikuwa kama mtu anayehama nyumba kila siku," anasema. "Vyombo nje, vyombo ndani."

Diski za nje, zile zinazochomekwa kwa waya wa USB, ndizo zilizomwokoa. Sasa anapakua mara moja, anahifadhi, basi. Gemu za zamani zinachezwa hapo hapo kutoka kwenye diski. Zile mpya kabisa hukaa humo kama nguo kabatini, mpaka zihamishiwe ndani ya mashine ndipo zichezeke, na hiyo ndiyo kazi yake ya kila asubuhi. Leo gemu zinalipa kodi ya chumba na ada za watoto wake wawili. Nywele zinalipa chakula.

Kila diski ameipaka rangi ya kucha kwenye kona. Nyekundu ni mpira, bluu ni magari. Ya waridi ni ya mapigano, na vijana wa karakana ya kuchomelea, wenye mikono kama nyundo, wanaingia wakisema bila haya, "Mama Diski, tuchomekee waridi."

Lakini zamani diski hizo hazikuwa na rangi. Mama Diski anachukua fungu jingine la nywele, halafu anasema yote kwa mkupuo.

Wakati huo alikuwa akifanya kazi chumba kimoja na mdogo wake, mpiga video za harusi. Dada upande wa dirishani, mdogo mtu kwenye kona na kompyuta yake. Diski zao walizinunua duka moja, aina moja, nyeusi tupu. Asubuhi moja alikuwa anamsuka mteja mwenye haraka, na dereva wa lori naye anapiga kelele anataka gemu ya magari. Akaichukua diski mezani, akidhani ni ile mpya, tupu, aliyoinunua wiki hiyo ya kupakulia gemu, akaichomeka.

Mashine ikafanya inavyofanya ikikutana na diski ngeni. Ikauliza: diski hii itaandaliwa upya, vyote vilivyomo vitafutwa, uendelee?

"Mkono huu umeshika msuko, huu umeshika pedi ya gemu, vidole vimejaa mafuta," anasema. "Nikabonyeza 'ndiyo' kama mtu anayeitikia salamu."

Mshika mawili moja humponyoka. Ndani ya diski ile mlikuwa na harusi ya watu, nzima, ambayo mdogo wake alikuwa bado hajaikabidhi. Kadi za kamera zilikwisha kufutwa kwa ajili ya kazi nyingine. Na kabla hawajagundua, gemu ya magari ilikuwa imeshapakuliwa humo kutwa kucha, na dereva amerudi, yuko kwenye kona ya tatu.

Walikimbilia kwa fundi wa kompyuta. Akajaribu, akatikisa kichwa. "Harusi imekaliwa na magari," akawaambia. Vilipatikana vipande vichache tu, kimojawapo kikionyesha viti vitupu.

"Mdogo wangu hakunigombeza. Angenitukana ningeshukuru. Alikunja miguu ya kamera yake, akabeba kompyuta, akaondoka. Jina lake katika kazi ndilo nililolifuta mimi, si video."

Hapo ndipo msusi huyu alipofanya jambo ambalo mtaa unalisimulia mpaka leo. Alikwenda mwenyewe kwa bibi harusi, akakiri kosa, akaomba apewe siku chache. Bibi harusi yule alisukwa na yeye. Shangazi zake walisukwa na yeye. Mawifi nao walisukwa na yeye.

"Nilivijua vichwa vyote vya ile harusi," anasema, akijinyoosha kidogo. "Na kila kichwa kilikuwa na simu."

Akazunguka nyumba kwa nyumba na kompyuta ya kuazima, akikusanya video za kwenye simu za wageni. Aliyesita kumpa, alikumbushwa ni nani aliyemsuka mpaka saa za chakula zikapita. Aliporudi alikuwa na video za bibi yake bwana harusi akicheza peke yake nyuma ya jiko, baba mtu akiufanyia ukuta mazoezi ya hotuba, na bibi harusi kiatu kimoja mkononi akicheka mpaka machozi. Akampelekea mdogo wake, naye akaziunganisha zikawa video moja.

Bibi harusi aliitazama yote. Kisha akasema, "Hii ndiyo harusi niliyokuwepo mimi."

Muuza mboga anageuza shingo ghafla. "Na mimi nimo! Nimo mle nagombea sahani!"

"Tulia, nisikusuke sikio," anaambiwa.

Tangu hapo Mama Diski ana sharti moja. Hakuna diski inayogusa mashine ya gemu kabla haijapita kwenye kompyuta. Anaifungua, anamsomea mwenye diski kwa sauti vilivyomo, anakubaliana naye, ndipo inachomekwa. Ikiwa ni kutoa, mashine inaambiwa kwanza iiachie diski. Hakuna kunyofoa kama jino. Wenye vyumba vingine vya gemu walimcheka. Sasa ndio wanaomletea diski zao.

"Nilileta yangu niongeze nafasi kwenye mashine ya nyumbani," anasema dereva wa lori, yule yule wa gemu ya magari, ambaye bado ni mteja. "Akaanza kunisomea: picha za watoto, cheti cha udereva, picha za marehemu baba. Nikamwambia dada, acha, acha! Mimi nilidhani imo miziki tu."

Ila kuna diski ambazo hazijawahi kurudi katika chumba hiki. Yeye na mdogo wake wamepatana, wanakula pamoja, wanataniana. Lakini mdogo mtu diski zake za kazi haziweki hapa hata kwa dakika moja. Begi analo begani, hata akienda msalani analo. Mama Diski amelenga kukodi chumba cha pili, kilichoshikana na hiki, na anataka kiwe studio ya mdogo wake. Fedha ya kuanzia anayo. Kinywa cha kumwambia ndicho hana.

"Nitamkaribishaje mtu akae na kazi yake jirani na mkono huu?" anauliza.

Kabla ya saa sita mlango unasukumwa. Mpiga video anaingia kwa kasi, amevaa nguo za kazi, jasho linamtoka. Asubuhi amepiga sehemu ya kwanza ya harusi, mchana anatakiwa ukumbini, na kadi zake zote zimejaa.

"Shikamoo, dada. Nilipomaliza tu kuhamisha kazi, kompyuta yangu ikazima, imegoma kuwaka." Anafungua begi, anatoa diski, anaisimamisha hewani kidogo, kisha anaiweka kwenye kiganja cha dada yake. "Kazi yote imo humu. Ifungue, inakili kwenye kompyuta yako, uhakikishe imekaa. Ukinipigia, ndipo nafuta kadi."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine humu? Muuza mboga?"

Naye huyo, ameshatoka, mlango unayumba nyuma yake. Mama Diski anawasimamisha wachezaji wote. Anaosha mikono kwa sabuni mpaka mafuta yaishe. Anaifungua diski kwenye kompyuta, ananakili, kisha anaitazama video moja baada ya nyingine, mwanzo, katikati na mwisho, huku muuza mboga akisubiri na nusu ya kichwa isiyosukwa, hathubutu kulalamika.

Ndipo anapiga simu.

"Imekaa yote. Nimeiona kwa macho yangu, kwenye diski na kwenye kompyuta." Anaigusa diski kwa kidole. "Futa kadi."

Upande wa pili kunasikika ngoma za ukumbini, kisha sauti ya mdogo wake, ya haraka, ya mtu aliye kazini. "Nimefuta. Asante, dada."

Simu inakatika. Mama Diski anabaki ameishika, machozi yanamtoka na wala hayafuti.

"Hakuuliza mara mbili," anasema. "Mmesikia? Hakuuliza mara mbili. Jioni akija, namwambia habari ya chumba."