Saa Tisa za Ndege

Jumatano, tarehe 20 Aprili. Manyunyu tangu asubuhi, milima haikuonekana.

Binti yangu ameruka leo saa nne asubuhi, kutoka Dar kwenda Ulaya kusoma. Juzi aliniambia, "Mama, ndege ni saa tisa," na kwamba akifika tu atanipigia kwenye duka la simu mjini. Basi nikajua atatua saa tisa, nikatoka nyumbani Bigwa, na saa tisa kasoro nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi. Simu kimya. Mwenye duka akaniuliza, nikamweleza, akacheka.

"Mama yangu! Hizo ni saa tisa za safari, siyo saa tisa ya ukutani. Hesabu kuanzia saa nne. Sasa hivi yuko juu ya jangwa anatafuna biskuti."

Nikahesabu kwa vidole: saa moja jioni. Duka hufungwa saa kumi na mbili. Sikumwomba asubiri, naye ana watoto kwake. Binti pia simlaumu, alisema sawasawa. Labda mimi ndiye niliyetaka afike mapema.

Simu itakuwa imelia kwenye duka lililofungwa, naye atadhani sikwenda.

Nimepika ugali na mlenda, nimekula peke yangu.