Joto Alilolifuata Paka wa Msikitini

Nakumbuka Ijumaa moja ya majira ya kusi, mwanangu, nilipomvunjia heshima mzee wa watu kwa sababu ya betri ya gari. Leo nina mvi hadi kwenye nyusi, na vijana wa Ukunda huniita fundi mkuu, lakini kila nifunguapo boneti ya gari kuukuu humkumbuka mzee yule na mwili hunisisimka. Kaa nikusimulie. Usiwe na haraka, magari mabovu hayaishi duniani.

Kijiji chetu kiko kati ya Gazi na Msambweni. Msikiti wetu ulikuwa na pikapu moja iliyochoka, ya kubebea wagonjwa na majeneza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kujifunza umeme wa magari, na kamati ya msikiti ikanikabidhi gari hilo niliendeshe na kulitengeneza. Nilijiona, mwanangu! Hata harusini nilikwenda na bisibisi mfukoni, watu wajue nani amekuja. Debe tupu haliachi kuvuma.

Basi gari likaingiwa na ugonjwa. Unalilaza jioni likiwa zima, asubuhi ukizungusha ufunguo, kimya. Betri imekwisha chaji kabisa. Nikaweka betri mpya, nayo ikaisha vilevile. Nikakagua taa, honi na redio, nikakata waya huu na kuunga ule. Altaneta, yaani kile chombo kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri, sikuishughulikia. Injini ikiwaka ilichaji vizuri, na mimi nikaona chombo kinachofanya kazi yake mchana hakiwezi kuwa mwizi usiku. Laiti ningelijua.

Mwadhini wetu alikuwa Mzee Nassoro. Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa akituamsha kwa sala. Mwembamba, mpole, mtu wa maneno machache. Ijumaa hiyo, nikienda kwenye sala ya alfajiri, nikamwona ameinua boneti ya pikapu, mkono umezama ndani hadi begani. Aliponiona aliishusha boneti taratibu, akaingia msikitini. Moyo wangu ukasema, leo nimempata. Wiki hiyo stima ilikuwa imepotea siku tatu, na kipaza sauti cha msikiti, chenye betri yake ndogo kabatini, kililia kila sala bila kufifia. Nikajumlisha mwenyewe, nikapata jawabu mwenyewe. Kumbe mzee anaichaji betri yake kwa gari langu! Sikumuuliza neno.

Baada ya sala ya Ijumaa akaletwa mama mmoja mgonjwa, apelekwe hospitali Msambweni. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Msikiti mzima umesimama unanitazama, na mtu mmoja akasema, "Fundi, si ulituambia umemaliza?"

Uso ukaniwaka. Mtu akiaibika, mwanangu, hutafuta mwingine wa kumbebesha aibu yake. Nikapaza sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako! Muulizeni Mzee Nassoro alfajiri anatafuta nini ndani ya boneti!"

Watu wakamgeukia. Mzee akatazama chini kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa namtoa paka."

Wakacheka. Na mimi nilicheka kuliko wote.

Gari lilisukumwa, likawaka, na yule mama alifika salama, alhamdulillahi. Lakini niliporudi nilikuta kamati imemwambia mzee apumzike kwanza, mpaka jambo litazamwe. Waliniambia hakubisha. Alitoa ufunguo wa kabati, akaufuta kwa pindo la kanzu, akaukabidhi. Tangu alasiri hiyo akaadhini mtu mwingine, na Mzee Nassoro akawa anakaa safu ya nyuma kama mpita njia. Wapo waliokuwa wakimsalimu, wakaacha. Unajua midomo ya watu. Jumapili tayari ilikuwa imesemwa kwamba na sadaka alikuwa akiiba.

Jumatatu baada ya sala ya alfajiri nikaliendea gari nikiwa na uhakika wangu wote. Mwizi hakuwa na ufunguo wa kabati tena, na betri niliitoa Ijumaa ikachajiwa, nikairudisha Jumapili alasiri gari likawaka, kwa hiyo lazima iwe nzima. Nikazungusha. Kimya. Nilibaki kwenye kiti nimeushika usukani. Nilijua pale pale kwamba nimemsingizia mtu, na nisikufiche, jambo la kwanza nililowaza halikuwa yeye. Niliwaza watu watanicheka vipi.

Ndipo nikasikia, "Asalaam aleikum." Mzee Nassoro alikuwa amesimama mbele ya gari.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niruhusu nimtoe paka, mwanangu, kisha uendelee na kazi yako. Tangu nilipokatazwa hakuna anayemtoa, na siku moja mkanda wa injini utamkata."

Hebu fikiri. Mtu niliyemchafulia jina aliniomba mimi ruhusa, tena kwa ajili ya paka. Nilifungua boneti. Na kweli, paka wa msikitini, yule jike mwenye madoa, alikuwa amejikunja juu ya altaneta amelala fofofo. Mzee akatia mkono hadi begani, vile vile nilivyomwona Ijumaa, akamtoa kwa upole na kumweka chini.

Kisha akaniuliza, "Gari hili limewashwa lini mara ya mwisho?"

"Jana alasiri."

"Hebu tia mkono hapo alipokuwa amelala."

Nikatia. Pana joto. "Ni joto la paka, mzee," nikasema, maana ujuaji haufi upesi.

"Joto la paka halikai. Tusubiri."

Tukasubiri, mimi na yeye. Paka naye akakaa anatutazama, akingoja tumwachie kitanda chake. Muda ukapita wa kutosha mtu kutawadha hadi miguuni na kuvaa viatu, kisha mzee akaniambia nishike tena. Nikagusa injini: baridi. Nikagusa rejeta ya maji ya kupoza injini: baridi, ina umande. Nikagusa altaneta, na joto lilikuwa pale pale. Gari lililolala usiku kucha lilikuwa na kiungo kimoja kinachofanya kazi gizani.

"Mimi sikusoma umeme," mzee akasema. "Lakini moto haujiwashi. Joto hili linakula nini?"

Lilikuwa likila betri yangu. Subhanallah! Nimefungua mamia ya magari tangu siku ile, na sijapata kuona tena jambo lililonishangaza hivyo. Ndani ya altaneta mna vijidude vidogo ambavyo kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, kama mlango wa dema unavyomruhusu samaki aingie asitoke. Kimoja kilikuwa kimeungua. Mchana umeme uliingia kwenye betri, na injini ikizimwa ukarudi kinyumenyume, ukiipasha moto altaneta mpaka betri inakauka. Mimi mwenye cheti sikuliona. Paka aliliona, akalifanya kitanda. Na mzee huyu alilijua kwa kiganja kwa sababu tu alimhurumia paka kila alfajiri, wakati mimi nimelala.

"Mbona hukusema, mzee?" nikamuuliza.

"Nilisema. Mlicheka."

Nilichomoa waya wa altaneta jioni hiyo. Alfajiri iliyofuata nilifungua boneti kwanza, na paka hakuwamo. Alikuwa amehamia kwenye viatu vya watu mlangoni. Nikazungusha ufunguo mara moja tu, gari likanguruma.

Siku hiyohiyo nikanunua kilo mbili za sukari, nikaenda nyumbani kwa mzee. Yeye alikuwa shambani. Nikamkuta mkewe, Bi Mwanamisi, anakuna nazi. Nikamweleza yote, nikamwomba anifikishie msamaha wangu, na nikasema ningependa jambo hili tulimalize ndani kwa ndani.

Akaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha kifuuni. Kisha akasema, "Sukari weka hapo, tutainywa. Lakini nikuulize, mwanangu. Ulimvua nguo mbele ya watu, waja kumfunika chumbani?"

Nilitoka pale nikiwa mdogo kuliko nilivyoingia.

Ijumaa ilipofika, baada ya sala, nilimwomba imamu ruhusa nikasimama. Nikasema ugonjwa wa gari ulikuwa wa gari, kwamba fundi hakuujua, akaogopa kuchekwa, akamtupia mtu asiye na hatia. Nikasema Mzee Nassoro alikuwa akimtoa paka, kama alivyotuambia. Safari hii hakucheka mtu. Mwenyekiti wa kamati akatoa ufunguo wa kabati mfukoni, akapita katikati ya safu hadi nyuma kabisa, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee aliupokea, akanitazama, akaniitikia kwa kichwa.

Alasiri aliadhini yeye. Sauti yake ilinikuta barabarani ndani ya pikapu. Niliegesha kando nikalia kama mtoto.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Siku hizi mnazo mashine za kupima zinazosema kila kitu, nami nazipenda. Lakini kosa langu halikuwa la kukosa mashine. Niliona sehemu moja ya jambo, nikaijaza nyingine kwa dhana, na mtu aliponipa ukweli wenyewe nikaucheka kwa kuwa ulikuwa mdogo na unahusu paka. Kuuliza si ujinga. Ukimwona mtu mahali usipomtarajia, muulize kwa adabu, mkiwa wawili tu, na jibu lake ulichunguze kabla ya kulicheka. Usipojua, sema sijui. Neno hilo halijamuua fundi yeyote. Na ukimkosea mtu hadharani, usimpelekee msamaha kwa mlango wa nyuma. Simama palepale uliposimama ukimchafua, mbele ya macho yaleyale, umsafishe.

Mzee Nassoro alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, na jina lake likiwa safi. Ningechelewa, ningezika mtu na uongo wangu juu yake, nao ungekaa nami mpaka kaburini kwangu. Mola akuepushe na deni la namna hiyo, mwanangu. Akupe ulimi mzito wa kushtaki na mwepesi wa kukiri, na kila utakayemkosea umwombe radhi naye bado yu hai. Amina.