Dawa ya Kifua Kwenye Mchuzi wa Changu

Siku hizi madukani kuna kikopo kimeandikwa oregano, na mabinti wananyunyizia kwenye piza kisha wanapiga picha. Nilikinusa, nikacheka. Mmea si uleule, lakini harufu yake haipishani sana na ya yale majani manene tunayoyaotesha kwenye ndoo mbovu huku kwetu. Mimi nimeyapikia kabla sijakiona kikopo hicho, na najivunia bila aibu, ingawa nusura yanivunjie heshima ukweni.

Nimezaliwa Lindi mjini, mlango kwa mlango na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Majani hayo aliyaita ajmo. Aliyachovya kwenye unga wa dengu akakaanga bajia, mengine akayakatakata kwenye samaki. Nimekula kwake tangu sijajua kufunga kanga. Kwa hiyo nilipoolewa Kilwa Masoko na kuikuta ndoo ya majani yaleyale kando ya bafu la mama mkwe, nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa nyumbani. Sikuuliza kitu. Mimi ndivyo nilivyo, mtu wa kujiona najua.

Kumbe kwa mama mkwe yale yalikuwa dawa ya kifua, basi. Mtoto akikohoa, jani linababuliwa motoni, linakamuliwa, maji yake yanachanganywa na asali. Mkubwa akishikwa na mafua, anafukizwa. Chunguni hayakuwahi kuingia.

Wiki ya pili nikakabidhiwa jiko. Dada yake mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Mchinga kunitazama, na chakula hicho ndicho kingesema kama nimefunzwa kwetu au nimekuja na mdomo mtupu. Nikaunga samaki changu kwa tui zito, ndimu na bizari, nikamalizia na majani kumi niliyoyakata membamba. Nilitenga mkekani huku nikijisifu kimoyomoyo.

Mama mkubwa akamega tonge, akachovya, akala. Akasita. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani anaumwa humu ndani?"

Nikaelewa palepale. Lakini kiburi changu kilikaa mahali pake.

"Hakuna anayeumwa, mama mkubwa. Kwetu hiki ni kiungo."

"Kiungo!" Akamgeukia mdogo wake. "Mkweo katupikia dawa, naye anasema kiungo."

Mama mkwe akachovya tonge, akatafuna polepole. Akachovya jingine. Nilisimama pale nikihesabu kila tonge, nikijua neno lake moja tu lingenirudisha kuosha vyombo mwaka mzima. Alimaliza mchuzi wote, akaifuta sahani kwa kidole, kisha akaninyooshea mbele ya dada yake.

"Basi mgonjwa ni mimi. Niongeze."