Nilitangaza nimekosa chuo kabla sijafungua email

Wakuu, heshima kwenu.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, sijakipamba wala kukipunguza. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wengine wanapita humu.

Mimi ni muuguzi mkunga, wodi ya wazazi, hospitali moja Newala. Kwetu Lulindi. Mume wangu ni mwalimu Masasi, tunaonana wikiendi. Binti yetu Neema nakaa naye mimi.

Nilitaka kusoma Masters ya ukunga. Nafasi zenyewe za kuhesabu, waombaji nchi nzima.

Mara ya kwanza nilikosa. Jibu nililifungua kazini, wenzangu wamenizunguka wanasubiri kupiga vigelegele. Nikasoma mstari wa kwanza, nikairudisha simu mfukoni. Mmoja akasema, "Haya, turudini kwa wagonjwa." Ile aibu sikumwambia mtu, ila ilibaki ndani.

Mwaka uliofuata nikaomba tena.

Hapa namleta Somoe, muuguzi mwenzangu wa wodi ile ile. Ana diploma, naye alikuwa anataka kwenda digrii. Shida ni kwamba wodi yetu inaruhusiwa kutoa mtu mmoja tu wa kwenda masomoni kwa mwaka.

Akaniambia, "Tangulia wewe, Mama Neema. Mimi bado nina umri."

Hakuishia hapo, akabeba na zamu zangu ili nisome. Kipindi chote watu wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, mimi niko na madaftari, Somoe anazalisha kwa niaba yangu.

Kadiri siku ya interview ilivyosogea, mwili ukaanza kunigeuka. Nimekaa kwenye kiti lakini moyo unapiga kama nimetoka kupanda mlima na ndoo kichwani. Chakula hakipiti. Nikajipima presha, iko sawa. Malaria, hakuna.

Mimi mtu wa afya, wakuu, na nilikuwa najiambia ni uchovu.

Interview ilikuwa kwa Zoom, matroni alinipa ofisi yake. Wakaniuliza hatua za kwanza kwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Kitu ninachokifanya kwa mikono hii hii. Vidole vikafa ganzi, kichwani hakuna kitu. Nilikaa kimya mpaka mmoja wao akauliza kama mtandao umekata.

Nikasema ndiyo, umekata.

Wakarudia swali, nikajibu nusunusu. Nilitoka pale nikijua nimeshafeli.

Wiki kadhaa baadaye email ikaingia. Niliona jina la chuo tu, nikaifunika simu kwa kitambaa kama vile inaniangalia. Kesho yake nikaifuta kabisa ile app ya email kwenye simu.

Mume wangu akipiga kuuliza, namjibu, "Bado hawajatoa."

Lakini Somoe alikuwa anafuatilia. Akaja ananiambia, "Mbona wenzako walioomba kule Mtwara mjini wameshajibiwa?"

Nikamwambia nimekosa.

Sijui nilitoa wapi yale maneno. Nadhani nilitaka tu kuulizwa kuishe. Somoe akanikumbatia pale pale kwenye korido, akalia. Mimi sikulia. Jioni nikampigia mume wangu, na mama yangu Lulindi, wote nikawaambia hivyo hivyo. Mama akasema, "Mungu anajua, mwanangu." Kusema kweli nikapata nafuu. Siku zile nilikula.

Nafuu ile haikumaliza mwezi.

Asubuhi moja tunakabidhiana zamu, matroni akaingia. Akasema, "Mama Neema, chuo wamepiga ofisini. Wanauliza kwa nini hukuthibitisha. Ulichaguliwa. Walikukumbusha mara mbili, sasa nafasi wamempa anayefuata kwenye orodha."

Somoe alikuwa amesimama pembeni yangu na faili la mgonjwa mkononi.

Akaniangalia. "Uliniambia umekosa."

Nikafungua mdomo, pumzi haikuja. Nikaishia sakafuni, wakanishika wenzangu. Nilidhani ndiyo nakufa. Waliponipima, moyo mzima.

Nilipomwambia mume wangu ukweli, akauliza, "Kwa hiyo hata mimi ulinidanganya?" Nikamjibu hata wewe, Baba Neema.

Nilipelekwa Masasi kwa mtaalamu wa afya ya akili. Akaniambia hofu yangu ni ugonjwa unaotibika, na kwamba kukwepa kile ninachokiogopa ndiko kulikokuwa kunailisha. Nahudhuria mpaka leo. Kuna siku nzuri na kuna siku mlio wa simu tu unanitoa jasho.

Nilimfuata Somoe kwake kumwomba msamaha. Alikuwa anamenya mihogo, hakusimama. Nikamweleza yote, tangu ile aibu ya kwanza.

Akasema, "Ungenipa simu tu. Ningekufungulia mimi."

Halafu akaendelea kumenya.

Mwaka ule hakuna aliyekwenda masomoni kutoka wodi yetu, si mimi wala yeye, maana madirisha ya maombi yalikuwa yameshafungwa. Mwaka huu zamu ni yake, na sikujaza fomu ili nisimsumbue. Tunafanya kazi pamoja vizuri, mgonjwa hawezi kujua kitu. Ila habari zake za nyumbani hanipi tena.

Nilichojifunza: sikuogopa kufeli peke yake, niliogopa kuonekana nikifeli. Na kwa ajili ya kukwepa macho ya watu, nikawadanganya wale wachache waliokuwa upande wangu.

Kama unajiandaa na mwili unakugeuka hivyo, nenda kaonane na mtaalamu mapema. Na kama una jibu hujalifungua, mpe mtu akusomee, leo.

Aliyewahi kupitia hali hii aseme hapa alitokaje. Wa kunilaumu pia karibuni, nitasoma zote.